Kombe linalofunikwa ni lipi?

Msomaji mmoja wa Chuno, Mtwara, ameandika hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Mwezi uliopita tulikaa kikao cha ukoo kuhusu mikorosho aliyoacha marehemu bibi. Maneno yalikuwa yamepamba moto, kila mtu anataja mistari yake ya miti, mara jirani akapiga hodi, anataka kuazima ungo. Mjomba akasema: 'Basi jamani, funika kombe mwanaharamu apite.' Watu wakacheka, kikao kikaishia hapo. Mimi sikucheka. Mwanangu wa kwanza nilimzaa kabla sijaolewa, na siku ile alikuwa amekaa mkekani pembeni yangu. Tangu hapo nyumbani ni ubishi mtupu. Mume wangu anasema kombe hilo ni lile la zafarani, linafunikwa ili shetani asilichezee. Mama anasema ni kombe la baharini kwa sababu hujifunga lenyewe. Mdogo wangu, ambaye akili yake yote ipo kwenye mpira, anasema ni la ubingwa. Naomba utueleze: kombe ni kitu gani hasa? Kikombe ni mtoto wake? Na mjomba alikuwa anamsema mwanangu?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo lililokukosesha usingizi na hayo mengine umeyatia ili barua isionekane ya machozi. Kombe la methali ni chombo cha chakula, na mwanaharamu wake ni mtu anayepita nje. Mwanao alikuwa ndani, tena mkekani. Lakini hilo ni neno langu tu, na wewe una watu watatu nyumbani wenye maneno yao, kwa hiyo itabidi tuzunguke kidogo ili ukirudi kwenye ubishi uwe na cha kushika.

Tuanze na kitenzi, maana kombe haliwezi kueleweka bila komba. Kitenzi hiki unakijua tangu utotoni. Mtoto anayemaliza mchuzi wa samaki akaacha ugali unamtazama, tunamgombeza kwamba anakomba mboga. Aliyeachiwa sufuria ya wali akaanza kukwangua ukoko, anakomba sufuria. Dafu likishanywewa maji yake tunalipasua, tunachonga kipande cha ganda lake kiwe kijiko, tunakomba ile nyama laini. Na wezi wakiingia dukani usiku wakaacha rafu tupu, asubuhi mwenye duka anasema wamemkomba. Kote humo kazi ni moja, kutoa cha ndani mpaka kibaki kitupu.

Ukikishika kitenzi hicho, maneno mengi yanakuja yenyewe. Makombo ni chakula kilichobaki baada ya watu kukomba. Ukombe ni kile chombo cha fundi cha kuchimbia mti kwa ndani. Na kombamwiko, ambaye wengi siku hizi tunamwita mende tu, amepewa jina na mtu aliyekuwa na macho: taa ikizimwa, mdudu huyo anapanda juu ya mwiko ulioachwa na mabaki ya ugali na kuanza kukomba. Komba mnyama, yule anayelia usiku kama kichanga, namwacha juu ya mnazi wake.

Basi kombe, kwa jinsi ninavyolisoma mimi, si jina la kitu kimoja. Ni jina la umbo. Kitu kilichobonyea, kipana, chenye bonde kana kwamba kimekombwa, hicho ni kombe. Ndiyo maana mfupa mpana ulio nyuma ya bega unaitwa kombe la bega, na hakuna aliyewahi kuula wali humo. Ndiyo maana mama yako hakukosea kabisa, kwa kuwa kombe la baharini lipo na sisi wa huku tunalijua kwa miguu yetu. Bamvua likija, maji yanapopwa hadi mbali, wanawake wa Mikindani na vijiji vya ghuba wanashuka na ndoo wakiinama kwenye matope na mchanga. Wanachokiokota kina maganda mawili yaliyobonyea, yamekutana kama viganja vya mtu anayeomba dua. Kila ganda ni kombe. Likichemshwa linafunguka, nyama inatolewa, inaungwa kwa nazi, na mlo wa siku umepatikana bila mtego wala ngalawa. Mama anasema kombe hilo hujifunga lenyewe, na ni kweli, ukiligusa linabana. Lakini hapo ndipo hoja yake inapopwaya. Methali inaamuru "funika". Huwezi kumwamuru mtu afunike kitu kinachojifunga chenyewe, kama vile usivyomwambia mtu amfunge kobe ndani ya gamba lake.

Sasa tuingie jikoni, ambako ndiko neno lilikokuwa na enzi yake. Kombe la mezani, au niseme la mkekani maana meza ilikuja baadaye, lilikuwa chombo kikubwa cha duara kilichobonyea kidogo, cha udongo au cha kauri, cha kupakulia wali au ugali wa watu wengi. Watu waliketi kulizunguka, kila mmoja akala upande wake, na kuvuka mpaka kwenda kwenye mboga ya mwenzio kulikuwa ni kukosa adabu. Ukifika Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, maji yakiwa yamepwa, tembea ufukweni taratibu uangalie chini. Utaona vigae vya vyombo vya kauri vya rangi ya kijani kibichi na vya buluu na nyeupe, vilivyotoka China karne nyingi nyuma, vilivyovunjwa na watu waliokuwa wanakula kama sisi. Ibn Battuta alifika mji huo mwaka 1331. Siku hizi magofu yake yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, tangu 1981. Mimi sijui mtumishi aliyeangusha chombo siku hiyo aligombezwa kwa neno gani, lakini kila nikiokota kigae na kukirudisha chini (usikichukue, ni mali ya taifa) namfikiria yeye kuliko sultani.

Halafu vyombo vya jina jingine vikaja vikalisukuma kombe pembeni. Sahani ni neno la Kiarabu. Sinia nalo limepitia Kiarabu, na ndani yake imo China yenyewe, kwa maana Sini ndivyo Waarabu wanavyoiita nchi hiyo. Siku za harusi hapa kwetu hakuna tena anayesema "leteni kombe la pilau". Ni sinia la pilau, la bati au la alumini, lisilovunjika hata likigombewa na vijana kumi. Kombe la udongo lilikuwa linahitaji utulivu, na harusi za siku hizi hazina utulivu.

Lakini angalia jambo la ajabu. Mama ametoka nyumbani, mtoto amebaki. Ndiyo, kikombe ni mtoto wa kombe, umepatia. Ni kanuni ile ile inayofanya mlima uwe kilima na ngoma iwe kigoma: unaweka ki- mbele, kitu kinakuwa kidogo. Kikombe ni kombe dogo, basi. Tofauti ni kwamba tumeshasahau kwamba ni udogo. Ndiyo maana tunasema "kikombe kidogo" bila kujisikia tunarudia, na tukitaka kukipunguza zaidi tunasema kijikombe, yaani udogo juu ya udogo. Wazee wenye Kimakonde au Kiyao mdomoni watasema chikombe, kwa sababu kwao ki- yetu ni chi-. Tazama majina ya mitaa yenu wenyewe, Chuno, Chikongola, utaisikia hiyo chi- imekaa kibarazani.

Wingi nao uutazame, maana wengi wanateleza. Kombe moja, makombe mawili. Kikombe kimoja, vikombe viwili. Makombo ni mabaki ya chakula na hayana uhusiano wa wingi na kombe, ingawa ni ndugu wa kitenzi. Nimewahi kusahihisha insha ya kidato cha pili iliyosema timu yetu "ilirudi na makombo mawili". Nikacheka peke yangu ofisini, kisha nikakumbuka msimu ule timu yenyewe ilivyokuwa, nikaona mtoto huenda alijua anachosema.

Kikombe nacho si peke yake mezani. Kahawa chungu ya barazani, ile inayouzwa na mzee mwenye birika juu ya makaa na kashata kwenye kibati, inanywewa kwenye finjani, kijikombe kisicho na mkono. Ukiiita kikombe muuzaji atakuelewa, ila wazee waliokaa hapo watajua wewe ni wa kupita. Kopo ni neno la Kireno, limebaki kwetu kama bendera na meza na leso zilivyobaki baada ya wenyewe kuondoka. Na hapa niongeze jambo ambalo halihusiani sana na swali lako lakini siwezi kuliacha. Wachezaji wa karata wanapotupa chini kopa, ile alama nyekundu wanayodhani ni moyo, jina wanalotaja ni la vikombe. Karata za Kireno za zamani zilikuwa na alama ya vikombe, copas, na jina likaja pwani pamoja na karata. Picha imebadilika ikawa moyo, jina limebaki kikombe. Shupaza, uru na pau vilisafiri kwa jahazi hilo hilo. Kwa hiyo mdogo wako akikuambia kombe ni kitu kimoja tu, muulize kwanza anapocheza karata anatupa nini.

Nimekuja kwa mume wako. Hoja yake ni nzito kuliko zote tatu, na nitaipa nafasi yake.

Kombe la tiba lipo, ni la zamani, na pwani yote linajulikana, kuanzia Lamu mpaka huku kwetu. Anayeliandika huchukua sahani nyeupe, kubwa kiasi, safi, isiyo na ufa. Zafarani inalowekwa kwenye maji ya waridi mpaka itoe rangi. Kwa kalamu ya mwanzi au kijiti anaandika aya: Alhamdu, Ayatul Kursiyu, Kul huwallahu na zile mbili za kujikinga ni za kawaida, na wengine wanaongeza kulingana na shida iliyoletwa. Maandishi yakikauka humiminiwa maji, yanayeyuka, maji yanageuka rangi ya dhahabu, mgonjwa anakunywa. Wengine wanaoga au kujipaka. Zafarani ni ghali, kwa hiyo siku hizi utaona rangi ya chakula, na pengine aya zinaandikwa kwenye karatasi inayotiwa ndani ya chupa ya maji ili mtu aondoke nayo. Masheikh wenyewe hawakubaliani juu yake. Wapo wanaosema ni Qur'ani, na Qur'ani ni shifaa. Wapo wanaosema ni uzushi ambao Mtume hakuufanya. Mimi ni mwalimu wa lugha, sitii mguu katika mzozo huo. Muulize sheikh unayemwamini.

Kinachonihusu mimi ni jina. Mtu akisema "nimekunywa kombe", amekunywa sahani? Hapana. Amekunywa maji. Jina la chombo limehamia kwenye kilichomo, na halafu likahamia tena kwenye tiba yote, kuanzia kuandika mpaka kunywa. Kiswahili kinapenda sana mwendo huu. Tunakula sinia, tunamaliza chungu, tunakunywa glasi mbili. Na kama unafikiri huo ni mwendo wa kale, kumbuka mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, maarufu kama Babu, alikuwa anatoa dawa ya mizizi katika kijiji cha Samunge, Loliondo, shilingi 500 kwa mtu. Magari yakapanga foleni ya kilomita na kilomita, na nchi nzima, huku kusini tukiwemo, ikawa inaulizana: "Umeshapata kikombe?" Hakuna aliyeuliza kama umepata dawa. Kikombe kilikuwa dawa, na safari, na matumaini, na Babu mwenyewe. Huku ni aya na zafarani, kule ni mzizi na mchungaji, dini mbili tofauti kabisa, na lugha imefanya kitu kile kile: imechukua chombo cha mezani ikakipa kazi ya kubeba uponyaji. Wakristo wana na kingine, kile cha kuepukwa, kwenye Mathayo 26:39. Kikombe hicho hakina dawa, kina mateso. Mtu wa Masasi akikwambia "hiki ndicho kikombe changu", usimtafutie sukari.

Tukirudi kwa mume wako: anasema kombe la zafarani hufunikwa shetani asilichezee. Ni kweli kwamba watu wengi wanalifunika likiwa linakauka, vumbi na nzi peke yao ni sababu ya kutosha. Lakini sikiliza maneno ya methali. Anayepita ni mwanaharamu, neno la binadamu, mwana wa mtu. Shetani wa kombe angeitwa shetani, au jini, au kijicho. Na zaidi ya hapo, kombe la aya halifichwi kwa aibu wala kwa uchoyo. Huyo mwanaharamu wa methali anaogopwa kwa jambo moja, kwamba akiona ataitaka sehemu yake, au ataondoka na habari. Nani anataka sehemu ya dawa ya mgonjwa mwingine? Mume wako amekaribia, ila amekaribia mlango wa jirani.

Mdogo wako nitammaliza haraka, ingawa naye ana lake. Kombe la michezo ni tafsiri ya desturi ya Waingereza ya kumpa mshindi chombo cha fedha cha kunywea, na huku Afrika Mashariki limekuja na mpira wenyewe. Kombe la Gossage lilianza mwaka 1926, Kenya na Uganda, kwa fadhila ya watengenezaji wa sabuni, na Tanganyika ikaingia 1945. Hapo pia chombo kimegeuka jina la kitu kingine. Namungo ya Ruangwa ilipofungwa na Simba mabao 2-1 kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini mwaka 2020 kule Sumbawanga, bado ilipata tiketi ya kucheza "Kombe la Shirikisho" la Afrika na ikafika mpaka hatua ya makundi. Hakuna chombo walichokwenda kuchezea, walikwenda kwenye mashindano. Na hilo la Dunia ndilo linalonichekesha zaidi. Linaloshindaniwa tangu 1974 ni sanamu ya dhahabu ya sentimita 36.8, kilo sita na ushei, watu wawili wamenyanyua tufe la dunia. Halina bonde. Huwezi kulinywea hata uji. Ni kombe lisilo kombe, na bado ndilo kombe kuliko makombe yote. Vijana wenyewe wamelichoka jina hilo, wanaita ndoo, au mwali, na huku kwetu ambako mwali ni mwali kweli, anatoka unyagoni na ngoma, neno hilo lina utamu wake. Lakini kumfunikia mwanaharamu kombe la ubingwa? Kombe la ubingwa linapandishwa juu ya gari la wazi likazungushwa mji mzima ili wanaharamu wote walione. Ndiyo furaha yake.

Basi limebaki kombe la chakula, na sasa tulisome kama linavyopaswa kusomwa, yaani tukiwa tumekaa chini.

Wewe umekulia pwani, hili unalijua: huwezi kula mtu akipita ukanyamaza. Lazima useme "karibu". Na mpitaji mwenye adabu atajibu "ahsante, nimeshiba," hata kama tumbo linanguruma, atapita. Hivyo ndivyo pande mbili zinavyostahiana. Lakini yupo asiyejua adabu hiyo, au anaijua na anaikanyaga makusudi. Ukimwambia karibu, anavua viatu. Akishakaa, anakula kwa kasi, na kibaya zaidi anahesabu: hawa wanakula dagaa tu, hawa leo wana kuku wamepata wapi, huyu hajala na mkewe. Kesho habari za mkeka wako ziko sokoni. Huyo ndiye mwanaharamu wa methali. Hakuna aliyeuliza wazazi wake walifunga ndoa lini. Dawa yake si kumfukuza, maana kumfukuza mtu kwenye chakula ni fedheha kwako wewe. Dawa ni kawa la ukindu. Unalifunika kombe, unaongea habari za mvua, anapita, unalifunua, mnaendelea. Ipo methali nyingine iliyokaa jirani na hii: sahani iliyofunikwa, kilichomo kimesitirika. Hiyo inazungumzia stara peke yake. Yako imeongeza mtu wa tatu njiani, na huyo mtu ndiye ufunguo.

Umeona sasa kilichopo ndani ya methali? Wapo walio ndani, wanaokula pamoja, na yupo anayepita. Kifuniko hakiwatenganishi walio mkekani. Kinawaunganisha. Aliyekaa mkekani hafunikiwi kombe, yeye ndiye anayefunika pamoja na wenzake. Mjomba angetaka kumaliza ugomvi tu, bila mtu wa nje, Kiswahili kilikuwa kimemwekea nyingine kabatini: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hakuichagua hiyo. Kwa nini?

Soma barua yako mwenyewe upya. Maneno yamepamba moto, mnahesabiana mikorosho, jirani anapiga hodi, mjomba anatamka methali, watu wanacheka. Umeyaandika kwa mpangilio huo huo, ila umepita juu ya jirani kana kwamba ni kuku aliyekatiza uani. Watu hawakumcheka mwanao. Walicheka kwa sababu kwa mara moja katika maisha yao methali iliwakuta neno kwa neno: wamekaa kulizunguka jambo lao, na mpitaji yupo mlangoni. Mjomba, kama alivyo mjomba wa ukoo wa huku kwetu ambako mali na watoto wa dada humwangukia yeye, alikuwa anafanya kazi yake. Alikuwa anasema: nyamazeni, mambo yetu yasitoke nje na huo ungo.

Sitaki kukudanganya kwamba neno mwanaharamu ni safi. Kwa asili ni mwana wa haramu, kinyume cha mwanahalali, na katika sheria ya dini lina maana yake nzito. Lakini katika matumizi ya kila siku limekwenda mbali na kitanda. Watu wanamwita hivyo mkorofi, mlaghai, hata rafiki aliyewashinda kwenye bao. Methali nazo huganda. Zinabeba maneno ambayo mtu mwenye huruma asingeyachagua leo, na anayezisema mara nyingi hasikii kila neno lililomo, anasikia methali nzima kama mtu anavyosikia wimbo. Wewe ulisikia neno moja kwa sababu neno hilo lina kidonda chake kwako. Hukukosea kusikia. Na mjomba, akiwa mtu mzima, angeweza kukumbuka nani amekaa pembeni yako. Hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Kuna jambo moja zaidi ninalolichukia katika methali hii, na si hilo lako. Siku hizi inatumiwa na watu wenye kombe lisilo lao. Fedha za kikundi zimepungua, wanachama wanauliza, mwenyekiti anasimama na tabasamu: ndugu zangu, funikeni kombe mwanaharamu apite. Hapo mambo yamepinduliwa. Anayeitwa mwanaharamu ndiye mwenye chakula, na anayefunika ndiye aliyekomba. Ikiwa kwenye kikao chenu cha mikorosho yupo aliyechukua malipo ya msimu akanyamaza, basi kawa la mjomba lilikuwa la wakati jirani yupo mlangoni tu. Methali inasema apite. Akishapita, kombe linafunuliwa. Una haki ya kurudi kwenye kikao hicho na kuuliza mistari ya miti imeishia wapi, na mwanao akiwa hapo hapo mkekani.

Ukimwona mjomba, mwamkie kwanza, kisha muulize kwa upole: "Mjomba, siku ile aliyekuwa anapita ni nani?" Usimuulize kuhusu mwanaharamu, atajitetea. Muulize mpitaji, atakutajia jirani kabla hujamaliza sentensi.

Barua yako, kwa njia, haikusema kama yule jirani alipewa ungo.